Nilivyofagia Uwanja wa Kanisa la Waayalandi

Mama yangu alikuwa na fagio mbili. Mmoja wa ndani, laini, wa majani ambayo jina lake nimelisahau, na mmoja wa nje, wa njiti za mchikichi, umefungwa kwa kamba ya mgomba. Ule wa nje hatukuruhusiwa kuugusa. Kulipopambazuka, kabla kuku hawajafunguliwa, nilikuwa naisikia sauti yake nikiwa bado mkekani: shwaa, shwaa, shwaa. Mama alifagia akirudi kinyumenyume ili nyayo zake zisibaki. Akimaliza, kiwanja chote kimechorwa mistari kama kichwa cha msichana aliyetoka kuchanwa. Kuku wa kwanza kupita pale alitukanwa yeye na ukoo wake.

Nyuma yetu alikaa mama mmoja aliyeacha majani mlangoni. Watu wakipita waliulizana kwa sauti, ili asikie: “Huyu amehama, au amekufa?” Maana kwetu, kule milima ya Fizi, majani karibu na nyumba ni nyoka, na ni aibu. Na kaburini vilevile. Tulikuwa tunakwenda na jembe, tunaparua mpaka udongo unabaki mwekundu, unang'aa, halafu Mama anapitisha ufagio wake. Kaburi lenye majani ni la mtu asiyekuwa na watu. Mama mwenyewe tulimzika upande ule, kabla hatujavuka ziwa kwenda kambi ya wakimbizi Tanzania. Sijui nani anamparulia sasa. Mara nyingine nikilala mchana naisikia ile shwaa, shwaa, nikiamka ni gari linapita barabarani Minto.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msomaji anisamehe nikiruka huku na huku. Nilikuwa nasema nini? Majani.

Tulipofika Sydney tukapewa nyumba Minto. Mbele ya nyumba, majani. Wiki ya kwanza tu, binti yangu akiwa kazini, nikatafuta jembe nikayang'oa yote, nikafagia, nikakaa kwenye kiti kuangalia kazi yangu. Binti akarudi, akashika kichwa.

“Baba! Umefanya nini?”

“Nimesafisha.”

“Baba, hawa watu majani ni mali! Wanayanunua! Wanayakata nywele! Mwenye nyumba atatufukuza!”

Tukanunua majani mengine, yamekunjwa kama mkeka, tukayatandika. Nikacheka siku ile mpaka machozi. Nilidhani nimejifunza. Lakini nilijifunza mambo ya nyumba tu. Mambo ya makaburi hakuna aliyeniambia.

Basi korona ikaja. Mimi nilikuwa bado napata shifti mbili tatu katika ghala moja kule Seven Hills, kubandika karatasi kwenye maboksi, kazi ya wazee. Shifti zikakatika. Binti yangu anahudumia wazungu wazee katika nyumba ya wazee, kuwaogesha, kuwalisha, na akawa haogopi ugonjwa kwa ajili yake, anaogopa kuniletea mimi. Akirudi kazini anavulia nguo kwenye gereji, anapita mbali nami kama mtu ninayemdai. Wajukuu walinipungia mkono mlangoni. Niliwasemesha Kiswahili, wakanijibu Kiingereza kupitia barakoa, ikawa sisikii lugha zote mbili.

Padri wetu ndiye aliyetoa shauri. Alikuwa na kanisa dogo nje kabisa, ukipita Campbelltown, nyuma ya vilima, katikati ya mashamba ya ng'ombe. Misa ilisomwa pale mara moja kwa mwezi, na sasa makanisa yote yamefungwa. Nyuma ya kanisa kuna kijumba chenye kitanda na jiko. Akaniambia, “Mzee, kaa pale mpaka haya yapite. Utakuwa salama, na utaniangalizia mahali.” Binti akanipeleka na gunia la mchele, maharagwe, na simu mpya. Jumapili watu wa shirika letu la sala walikuwa wanasali kwa simu, kila mtu nyumbani kwake, nyimbo zinafika zimekatikakatika, mwingine yuko ubeti wa kwanza, mwingine ameshafika Amina.

Nilifika wiki mbili kabla ya Pasaka. Kanisa lenyewe ni la mawe ya rangi ya asali, dogo, mlango wake mwembamba, bati limeota kutu. Ubavuni kuna uwanja wa makaburi. Yalikuwepo mawe ya kaburi kama kumi na matano, yamelala upande huu na ule, na kati yake na mbele yake mpaka kwenye ukuta, majani mpaka magotini. Nikasimama pale. Nikasema moyoni, jamani, hawa hawana watu.

Kumbuka kwamba Pasaka inakuja, na watu wa Mungu wamelala kwenye pori. Sikumwuliza mtu. Jembe lilikuwepo kwenye kibanda. Nililima siku tisa. Niliparua kuanzia mlangoni mpaka ukutani, hapa penye mawe na pale nilipoona patupu. Katika udongo nilikuta vitunguu, vingi, vimejaa mahali pengine kama vimepandwa, vingine vimeanza kutoa ncha za kijani. Nikafikiri ni kitunguu mwitu. Nikakimega kimoja, nikaonja, kikachoma ulimi, nikatema. Nikavikusanya pamoja na majani, nikawasha moto, nikachoma. Halafu nikachukua reki nikasawazisha udongo wote, nikajaza mashimo, nikavuta kutoka huku kwenda kule mpaka pakawa sawasawa kama meza. Nikatengeneza ufagio kwa vijiti. Asubuhi ya Pasaka nilifagia kinyumenyume, nikaimba peke yangu. Mistari ile! Mama angeiona.

Siku ya tatu baada ya Pasaka akaja mzee mmoja.

Nilikuwa nafagia, na nilimwona langoni. Mzungu mrefu, mwembamba, kofia ya shamba, fimbo mkono mmoja, chupa ya chai mkono mwingine. Alikuwa amesimama. Akavua kofia. Nikadhani anasalimu wafu, nikafurahi, nikarudi nyuma hatua kadhaa kwa sababu ya ile amri ya korona, ya kukaa mbalimbali. Yeye hakuniangalia. Aliangalia udongo, kutoka mlangoni mpaka ukutani, akarudi tena kutoka ukutani mpaka mlangoni, kama mtu anayetafuta funguo alizoangusha.

“Yako wapi maua?” akaniuliza.

Kiingereza changu ni cha ghala: beba, shusha, hatari, mapumziko. Lakini hilo nililielewa. Nikamwonyesha jivu.

Alikwenda kukaa kwenye benchi la ukutani. Alikaa muda ambao ningeweza kupika maharagwe. Mimi nimesimama na ufagio. Halafu akaniita nikae mwisho mwingine wa benchi, akaanza kusema polepole, kama mtu anayemsemesha mtoto, na pale nisipoelewa alichora kwa fimbo kwenye udongo niliofagia. Ulikuwa udongo mzuri wa kuchorea, hilo tulikubaliana baadaye.

Alichora meli. Watu wa babu zake walitoka Ayalandi, viazi vilioza shambani, mwaka wa kwanza na mwaka wa pili, watu wakafa kandokando ya njia. Wengine walikuwa wameletwa kabla, kwa minyororo, wameiba kondoo au wamemtukana mwenye shamba. Wakafika hapa wakapewa pori.

“Kambi gani?” nikamwuliza.

“Hapakuwa na kambi.”

“Kadi ya chakula?”

“Hapakuwa na kadi, meiti.” Hapa kila mtu ni meiti, rafiki, hata asiyekujua.

“Basi waliishije?”

Akacheka kidogo, mara ya kwanza. “Hilo na mimi huwa najiuliza.”

Kanisa lao la kwanza lilikuwa magome ya miti, akasema. Padri alikuja kwa farasi, pengine baada ya miezi miwili, amelowa, amechoka, anabatiza watoto na kuzika waliokwisha kuzikwa. Katikati hapo mama mmoja ndiye aliyeongoza rozari, na mumewe alimwonea wivu. Halafu wakaamua kujenga kwa mawe ya kijito. Kila familia iliamriwa kuleta mawe yake kwa mkokoteni. Mjane mmoja hakuwa na ng'ombe wala mkokoteni, akaleta mawe kwenye aproni yake, moja moja, mwaka mzima. Mzee akaninyooshea fimbo: pale chini, upande wa kushoto wa mlango, mawe madogomadogo kama mikate. Ndiyo yake. Nimeyapapasa mara nyingi tangu siku ile. Kanisa letu la kambini tulilijenga kwa matofali ya udongo, kila mama na ndoo yake ya maji kichwani, na kila aliyesali pale alijua tofali lake. Mvua za mwaka wa pili zikaliangusha. La Waayalandi halikuanguka.

Sasa maua. Mawe ya kaburi ni ya waliokuwa na uwezo. Wengine, na hasa watoto, walizikwa hivihivi, kwenye ule upande nilioona mtupu. Wanawake walikuwa wamekuja na vitunguu vya maua kutoka kwao, mfukoni, vimefungwa kwenye kitambaa. Kila nyumba ilikuwa na ua lake. Hawa ya manjano, hawa ya zambarau, hawa meupe. Mtu wao akifa walipanda ua la nyumba yao juu yake. Hapakuandikwa popote. Mwezi wa nane, baridi inapoanza kuondoka, maua yanatoka, na watu walikuja Jumapili moja, kila nyumba inasimama penye ua lake, wanasali, wanakunywa chai. Vitabu vya kanisa viliungua zamani. Uwanja ule ndio uliokuwa kitabu.

Nilishika ufagio kwa nguvu kwa sababu mikono yangu ilitaka kufanya kitu.

“Na wewe una nani hapa?” nikauliza.

“Dada yangu. Tulizaliwa siku moja. Aliishi miezi minne.” Akachora duara kwenye udongo. “Mama alipanda meupe, yenye kitu cha rangi ya chungwa katikati, kama yai. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki ninayemjua. Daktari ameniambia nisinunue viatu vipya. Nimekwisha kumwambia padri nilazwe pembeni yake. Nilikuwa nangoja mwezi wa nane, maua yatoke, tupige kigingi.”

“Hujui ni wapi bila maua?”

“Palikuwa na mti, tulihesabu kutoka kwenye mti. Mti ulikatwa nikiwa kijana. Hatua sita kutoka ukutani, au nane. Sikupima. Nani anapima kitu anachokiona kila mwaka?”

Nikamwambia kwetu. Nikamwambia kaburi lenye majani, nikamwambia Mama, nikamwonyesha kwa ufagio, kinyumenyume. Sijui alielewa mangapi. Aliniangalia sana, akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akaiweka katikati ya benchi, akajisogeza. Nikasogea nikaichukua. Haikuwa na sukari. Wazungu wananywa chai kama dawa.

Tangu siku ile alikuja kila alasiri, saa tisa. Kutoka nyumbani kwake ni shamba moja tu, lakini alitembea nusu saa, na kila mara aliingia akageuka akafunga lango kwa waya, kwa sababu ya ng'ombe. Alisema si vitunguu vyote vinang'oka. Jembe linaacha vingine chini. Tungoje.

Basi tukangoja. Na kungoja kwenyewe kulikuwa hivi: mimi nisifagie. Hilo ndilo aliloniomba. Msifikiri ni jambo dogo. Majani yalirudi, kwanza kama ndevu za kijana, halafu kweli. Kila asubuhi niliamka mkono unautafuta ufagio. Nikautia nyuma ya mlango, nikautazama, nao ukanitazama. Niliota Mama amekuja amesimama langoni na watu wanapita wanamwuliza: huyu mwanao amehama, au amekufa?

Miezi ile ilikuwa kama mwezi mmoja. Ukungu ulikaa kwenye mashamba mpaka saa nne, ng'ombe wakitokea humo miguu haionekani, wanaelea. Ndege za abiria zilikuwa hazipiti, na mzee alisema anga limerudi kuwa la baba yake. Tulikaa, yeye kule na mimi huku.

“Mzee,” nilikuwa namwita.

“Maana yake nini hilo?”

“Mtu mkubwa. Mwenye heshima.”

“Mtu aliyechakaa, unataka kusema.”

“Na hilo limo.”

“Wewe una meno mangapi?”

“Kumi na moja.”

“Mimi yote. Ninayavua usiku, lakini ni yote.”

Kuna siku alinisimulia habari za mama yake jinsi alivyokuwa akipita pale akienda kukamua ng'ombe na kusema habari za asubuhi, kama unavyomsalimu jirani. Hakuwa analia, akasema, alikuwa anasalimu tu. Nikafikiri, nami nimezunguka dunia nzima kuja kumfutia mtu huyu mlango wa jirani yake. Nilikonda. Binti yangu akaniona kwenye simu akauliza kama nina homa.

Mwezi wa saba ncha zikatoka.

Nilikuwa wa kwanza kuziona, na nilipiga kelele peke yangu. Zilikuwa mbili, kijani, karibu na ukuta. Kesho yake tano. Mzee alipokuja alipiga magoti, na kumwinua ikawa kazi, amri ya kukaa mbalimbali tukaivunja. Lakini wiki iliyofuata ncha zilikuwa thelathini, halafu sikuweza kuhesabu. Zilitoka mlangoni. Zilitoka kwenye njia ambayo hajalala mtu. Zilitoka moja moja, mbali mbali, kama mbegu alizomwaga mlevi. Ndipo nilipoelewa. Vile vitunguu vidogo, watoto wa vitunguu, kama punje za kitunguu saumu: jembe liliviachanisha na mama zao, na reki yangu ikavitembeza uwanja mzima. Nilivuta kutoka huku kwenda kule mpaka pakawa sawasawa.

Mzee naye aliona. Akasema tu, “Tusubiri yafunue.”

Mwezi wa nane yakafunua. Sitaweza kuandika vizuri, na mwenye elimu angeweza. Nilifungua mlango asubuhi moja nikadhani umeanguka ule umande wa huku unaoganda mweupe. Meupe, ya manjano, ya zambarau, yote yamechanganyika, mpaka kwenye ngazi ya kanisa, mpaka chini ya benchi letu. Maisha yote ya uwanja ule, nadhani, haujawahi kupendeza hivyo. Nyuki walijaa. Na kitabu kilikuwa kimechanwa vipandevipande, kila neno lipo, wala hakuna mtu wa kulisoma.

Asubuhi ile nikafanya jambo ambalo sijamwambia binti yangu. Saa tisa ilikuwa mbali. Nikachukua kisu na bakuli, nikatafuta meupe yenye kiini cha chungwa. Nikachimba saba, polepole, na udongo wake. Nikahesabu kutoka ukutani: sita, nane, nikasimama kwenye saba. Nikayapanda pale pamoja, yamekaribiana, duara dogo la urefu wa mtoto wa miezi minne. Nikamwagia maji. Nikapanga majani juu ya udongo ili usionekane mpya. Nikanawa mikono, nikavaa koti langu la misa, nikakaa kwenye benchi. Nilijiambia kwamba simdanganyi, nampa mahali. Mtu anahitaji mahali.

Alikuja saa tisa. Akafungua lango, akafunga, akafunga na waya. Akasimama akaangalia maua yote, kofia mkononi, na upepo ulikuwa mdogo, uwanja wote ulikuwa unatikisa kichwa. Alitembea polepole bila kukanyaga hata moja, kazi ngumu kwa mtu mwenye fimbo. Nilimwonyesha kwa kidole.

Akafika kwenye duara langu. Akainama. Akasogeza majani kwa ncha ya fimbo, na chini yake udongo ulikuwa mweusi, una maji, wakati kwingine kote ulikuwa mkavu. Ua moja lilikuwa limeanza kulala upande, kama linavyolala ua lililohamishwa. Aliligusa, akalisimamisha kwa vidole viwili, likalala tena.

“Umeyapanda lini?” akaniuliza, hajageuka.

Ningeweza kusema sielewi Kiingereza.

“Leo asubuhi,” nikasema.

Akatikisa kichwa, juu chini, juu chini. Alikaa pale ameinama. Halafu akasema neno, taratibu, na halikuwa kwangu. Alisema, “Habari za mchana.” Alisema kwa duara lile. Kisha akainuka, akageuka, akasema tena kwa maua ya njiani, na kwa ya chini ya benchi, na kwa yale ya mlangoni kwenye mawe ya mjane, habari za mchana, habari za mchana, uwanja mzima. Sikujua kama anacheka.

Chupa ya chai aliiweka kwenye benchi, upande wangu. Hakumimina.

“Meiti,” akasema.

“Mzee,” nikasema.

Akavaa kofia, akaenda. Nilimwangalia akishika njia ya shamba lake, ng'ombe wakimpisha, akawa mdogo, akawa kofia tu, halafu hata kofia haikuonekana. Lango aliliacha wazi. Nilikwenda kulifunga mimi, kwa waya, kama alivyofanya kila siku. Kesho yake saa tisa nilichemsha chai nikajaza ile chupa, bila sukari, nikakaa mwisho wangu wa benchi mpaka jua likazama, na keshokutwa yake, na siku zote zilizobaki mpaka maua yalipokauka. Hakurudi tena.